Tela ya Mjomba na Haki ya Kilichozidi



Ndugu msomaji, mtu akimiliki kitu cha starehe, na kitu hicho hicho kikawa kinaweza kuwa paa la mwenye shida, dini yetu inamtaka nini? Je, kule kukimiliki tu ni israfu? Na akikitoa kwa wema, ana haki ya kukidai lini? Niliwauliza wenzangu wa darasani, wakayajibu yote matatu kwa dakika moja, kila mmoja na jibu lake, na hakuna aliyekubaliana na mwenzake. Ndipo nikaona suala hili linastahili kurasa mbili tatu za jarida letu.

Kitu chenyewe ni tela. Sisemi tela za malori yanayopandisha saruji na unga kutoka Nimule. Nasema tela ndogo ya kupigia kambi, iliyoundwa kuvutwa na Land Cruiser mahali pasipo na barabara. Watengenezaji wa Afrika Kusini na Australia wamekuwa wakiziunda kwa miaka mingi, kwa kuwa nchi zao ni pana na watu wao hupenda kulala nyikani. Mjomba wangu, ambaye ni fundi wa majenereta hapa Juba, aliinunua moja kwenye mnada wa shirika moja la misaada lililokuwa likifunga ofisi yake. Ni sanduku la chuma juu ya ekseli moja na springi za mabamba. Kiungo kinachoifunga nyuma ya gari huzunguka pande zote, hivyo gari likiinama kwenye korongo, tela hailazimiki kuinama nalo. Magurudumu yake ni ya kipimo kile kile cha gari, ili tairi moja ya akiba iwatoshe wote wawili. Ubavuni unavuta droo, linatoka jiko la gesi la mafiga mawili. Chini kuna tangi la maji. Juu, ukikunjua, linasimama hema la turubai zito lenye ngazi, na ndani yake godoro la watu wawili, watatu wakipendana.

Kuivuta si kazi. Kuirudisha nyuma ndiyo elimu. Ukikata usukani kulia, tela inakwenda kushoto, na ukijisahau kidogo inajikunja kama kiwiko. Mjomba ananiambia pia siri ya kupakia: takriban sehemu moja ya kumi ya uzito wote uilalie pua ya tela, la sivyo itakuwa inayumba njia nzima na kulivuta gari huku na huku. Nimesoma usuli fiqhi mihula mitatu, na bado kurudisha tela getini kunanishinda.

Sasa, katika mtaa wetu, habari ya tela hii haikupokewa vizuri. Wazee wa pale Malakia wana ulimi. Mmoja alisema: "Sisi tumelala chini ya turubai kwa kulazimishwa, huyu ananunua turubai kwa pesa yake!" Watu wakacheka, lakini kicheko kile kilikuwa na jiwe ndani. Juba ni mji wa watu waliowahi kukimbia. Baada ya Desemba 2013 maelfu waliingia katika viwanja vya Umoja wa Mataifa pale chini ya Jebel, na wengi walikaa miaka. Mimi mwenyewe nimekulia Kakuma, Kenya, ndiko nilikokipata Kiswahili hiki. Turubai nalijua. Najua linavyopiga kelele usiku wa upepo na linavyonuka saa saba mchana. Kwa hiyo mzee yule hakuwa mjinga. Alikuwa akiuliza swali la kweli: je, si aibu kuigeuza shida ya watu kuwa mchezo?

Jawabu langu ni hapana, na nitalitetea.

Katika Suratun-Nahl, aya ya 80, Allah (s.w.t.) anatuhesabia neema mbili kwa mfuatano. Kwanza anataja nyumba zetu alizozifanya kuwa mahali pa utulivu. Halafu anataja nyumba nyingine, za ngozi za wanyama, ambazo huwa nyepesi kwetu siku ya kuhama na siku ya kutua. Angalia mpangilio. Hema limetajwa kuwa neema, tena waziwazi, lakini limetajwa la pili, baada ya nyumba ya utulivu. Mwenye zote mbili anaweza kufurahia wepesi wa hema kwa sababu anajua mlango wa kurudia. Aliyebaki na la pili peke yake hajapata wepesi wowote. Shida ya Kakuma haikuwa turubai. Tulikosa ile ya kwanza. Kumkataza mtu hema la furaha kwa ajili ya hema letu la dhiki ni kulilaumu turubai kwa kosa lisilo lake.

Na kwenda nyikani kwa kupumzika kuna asili. Abu Daud amepokea kutoka kwa mama yetu Aisha (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa na kawaida ya kutoka mjini kwenda kwenye mabonde ya maji nje ya Madina. Mara moja alipotaka kutoka, alimpelekea Aisha ngamia jike ambaye bado hajazoea kupandwa, akamuusia amfanyie upole. Nikiisoma hadithi hii nakumbuka ndugu zetu wenye magari makubwa wanaoyachapa kwenye mashimo kana kwamba wana ugomvi nayo. Kadhalika Abu Juhaifa (r.a.) anasimulia, katika Bukhari na Muslim, kuwa alimkuta Mtume (s.a.w.) pale Abtah, Makka, ndani ya hema jekundu la ngozi. Halikuwa gunia lililotoboka. Ni kweli ziko pia hadithi zinazotahadharisha kwamba anayehamia nyikani moja kwa moja moyo wake huwa mkavu. Basi kutoka na kurudi ndiyo sunna ya jambo hili.

Hapa nchini tuna watu wanaolijua jambo hili kuliko kitabu chochote. Wamundari wa upande wa Terekeka, kaskazini ya Juba, wana kambi za ng'ombe ambazo huhama kufuata majani na maji. Watalii wachache wanaofika Sudan Kusini huja kulala kando yao katika mahema, wakapiga picha za moshi na pembe. Juni 2024 yalitangazwa matokeo ya hesabu ya wanyama iliyofanywa kutoka angani katika Boma, Badingilo na maeneo jirani, na makadirio yalikuwa karibu swala milioni 6 wanaohama. Mjomba alipoyasikia kwenye redio alisema tela yake haikununuliwa bure. Huenda wageni wakaongezeka, naye akaikodisha.

Neno hilo la kukodisha lina fiqhi yake, nami nitalipita haraka kwa kuwa kila mwaka linaulizwa. Tela ile ile moja ina hukumu tatu za zaka kulingana na nia ya mwenyewe. Akiwa nayo kwa matumizi yake, haina zaka, kama ambavyo farasi wa Muislamu aliye wa kupandwa hana. Akiikodisha, chuma chenyewe hakitolewi zaka kwa kauli ya wengi, bali pato lake likifika nisabu na likapitiwa na mwaka. Akiwa ameinunua ili aiuze kwa faida, hapo ni bidhaa ya biashara, anaithamini kila mwaka na kutoa asilimia 2.5. Godoro halijabadilika, turubai halijabadilika. Kilichobadilika ni kitu kilichomo kifuani mwa fundi wa majenereta.

Tukishamwondolea mjomba tuhuma ya israfu, hatujamaliza kazi. Wenzangu wengi huishia hapo: "Ni halali, ni mali yake, kwisha." Lakini kitu kinaweza kuwa halali kukinunua na bado kikamtia mwenyewe hatarini kwa namna kinavyokaa. Tela hutembea labda wiki tatu kwa mwaka. Wiki nyingine zote inalala chini ya mwembe, imefunikwa, godoro limekunjwa, tangi tupu.

Ipo hadithi katika Abu Daud inayotoka kwa Abu Huraira (r.a.), na sijawahi kuisikia kwenye mimbari ya Juba. Inaeleza kwamba watakuwepo ngamia wa mashetani na nyumba za mashetani. Abu Huraira akasema wale ngamia yeye amekwisha kuwaona: mtu hutoka na ngamia wa ziada aliowanenepesha, hampandi hata mmoja, kisha humpita ndugu yake aliyekwama njiani na asimpakie. Ama nyumba, alisema hajaziona. Msimulizi aliyepokea kwake, Said bin Abi Hind, akaongeza rai yake: anadhani ni vile vizimba vya juu ya ngamia ambavyo watu huvifunika kwa hariri. Ndugu msomaji, kizimba chenye pazia kinachosafiri! Sijui kama kuna maelezo yaliyo karibu zaidi na tela ya kambi katika vitabu vyetu vya kale. Lazima niseme pia kwamba wamo wanazuoni waliosema Said hakukutana na Abu Huraira, kwa hiyo sijengi hukumu juu yake. Lakini maana yake ina nguzo nyingine. Katika Sahihi Muslim, Abu Said al-Khudri (r.a.) anasimulia safari ambayo alikuja mtu juu ya mnyama wake akigeuza macho kulia na kushoto. Mtume (s.a.w.) akaagiza kwamba mwenye kipando kilichozidi ampe asiye na kipando, na mwenye chakula kilichozidi ampe asiye nacho, akaendelea kutaja aina za mali mpaka masahaba wakaona kwamba hakuna yeyote kati yao mwenye haki katika kilichomzidi.

Kinachonigusa ni yule mtu wa kugeuza macho. Hakuomba. Alitazama tu.

Vita vya Sudan vilipoanza tarehe 15 Aprili 2023, watu walianza kushuka kutoka Khartoum kwa mabasi hadi mpakani, wakaingia Renk, kisha wengi wao wakachukua majahazi ya mtoni hadi Malakal, na waliobahatika wakafika Juba. Raia wa Sudan wengi walipelekwa makazi ya Gorom nje ya mji. Lakini wapo ambao karatasi zinawaita "waliorejea nyumbani", yaani watu wa asili ya Kusini walioishi Khartoum maisha yao yote. Mama mmoja wa namna hiyo, mjane, alifika mtaani kwetu na watoto wanne katikati ya masika. Ndugu aliyekuwa akimtegemea hakuwepo tena Juba. Walilala siku mbili kwenye baraza ya jirani. Usiku wa tatu mvua ilikuja na upepo, mjomba akatoka na tochi, akakunjua hema la tela, akawaambia maneno haya kwa Kiarabu cha Juba: kaeni humu mpaka mvua ziishe.

Nayakumbuka maneno yenyewe kwa sababu yalikuja kuwa na uzito.

Je, alikuwa amelazimika? Kuazima, ambako katika fiqhi tunakuita ariya, kwa kauli ya wanazuoni wengi ni sunna iliyokokotezwa. Lakini tunapoisoma Suratul-Maun tunaona lawama kali kwa wanaonyima vyombo vidogo vya matumizi, na Ibn Masud (r.a.) amesema kwamba wakati wa Mtume (s.a.w.) wao walikuwa wakiihesabu maun kuwa ni kuazimana ndoo na chungu. Kutokana na hapo Ibn Taymiyya alikwenda mbali zaidi: kuazima ni wajibu kwa mwenye mali ambaye hakihitaji kitu kile kwa wakati ule. Mimi ni mwanafunzi tu, sipimi baina ya wakubwa. Ila nikisimama barazani usiku ule, mvua inapiga kutoka ubavuni na tela kavu iko hatua ishirini, kauli ya Ibn Taymiyya haihitaji kutetewa.

Ndoo, hata hivyo, hurudi jioni. Nyumba hairudi hivyo. Hapo ndipo suala lilipokuwa gumu.

Baada ya siku kadhaa yule mama aliniita, kwa kuwa alisikia nasoma dini. Tangu alipotoka Khartoum alikuwa akisali Swala ya msafiri, rakaa mbili mbili. Aliniuliza: "Mwanangu, mimi bado ni msafiri, au nimefika?"

Nilijua masuala yake kitabuni. Waliosoma kwa Maliki na Shafii wanasema aliyenuia kukaa siku nne kamili anakamilisha. Kwa Hanafi ni siku kumi na tano. Na asiyejua ataondoka lini, anayesema kila siku "huenda kesho", kwa kauli ya wengi anaendelea kupunguza, ingawa Shafii wanamwekea kikomo cha siku kumi na nane. Imepokewa kuwa Ibn Umar (r.a.) alikaa Azerbaijan miezi sita akipunguza, theluji imemfungia njia. Sisi hatuna theluji, tuna udongo mweusi. Ukiacha barabara ya lami ya Juba hadi Nimule, kilomita 192, iliyokamilika 2012, na vipande vingine vichache, masika hapa hufunga nchi vile vile.

Lipo hata suala la mtu ambaye nyumba yake yenyewe ndiyo chombo. Wanazuoni walimzungumza baharia anayeishi jahazini na mkewe na wanawe, hana nyumba nchi kavu. Imamu Ahmad alisema huyo hapunguzi, kwa sababu popote anapokwenda yuko kwake. Wengi wengine walimruhusu, na Shafii wakaona kukamilisha ni bora kwake ili kutoka katika hitilafu. Nilipenda sana suala hili nilipolisoma mara ya kwanza, nikawaza tela ya mjomba ikizunguka na watoto wake. Sikuwaza kwamba mwenye kuuliza angekuwa mtu ambaye tela yake haisogei kabisa, imeegemea magogo mawili chini ya mwembe.

Nilimpelekea sheikh wetu swali. Sheikh hakufungua kitabu. Alisema muulizeni jambo moja: anangoja njia ifunguke arudi Khartoum, au ameacha kungoja? Nikarudi, nikamuuliza. Mama yule alinyamaza muda mrefu, akainuka kupepeta mchele. Hakunijibu siku ile. Juma lililofuata nilimwona kwenye mkeka nyuma ya tela akisali Adhuhuri rakaa nne.

Tangu hapo, ndugu msomaji, kwangu mimi kile chuma kilikuwa nyumba. Umiliki haukuhama hata sentimita moja, ni mali ya mjomba, na akifa leo inarithiwa na wanawe. Lakini kulikuwa na mtu aliyenuia kukaa ndani yake, na nia, kama tulivyoona katika zaka, si kitu kidogo katika sheria yetu.

Mvua ziliisha Novemba. Kiangazi ndio msimu wa tela: ardhi imekauka, mto umerudi kitandani mwake. Watoto wa mjomba walikuwa wameahidiwa safari ya Terekeka mwaka mzima. Mjomba akaja kwangu usiku, na hili nalisema kwa idhini yake, akaniuliza kwa sauti ya chini kama mtu anayeuliza bei ya dawa: "Nikiidai, nina dhambi?"

Kwa kitabu, hana. Wengi wa wanazuoni wanasema mwenye kuazima anaweza kurudi katika ariya yake wakati wowote. Maliki, madhehebu ambayo Waislamu wengi wa hapa tumeyarithi kutoka kaskazini, wanamfunga kwa muda aliouweka, na asipouweka, kwa muda ambao desturi inaujua. Mjomba aliuweka: mpaka mvua ziishe. Na mvua zimeisha. Kwa kauli zote mbili alikuwa huru.

Lakini hao hao Shafii, wanaosema mwenye mali anarudi wakati wowote, waliweka mipaka ambayo nadhani ndiyo roho ya mlango mzima. Ukimwazima mtu ardhi akazika maiti yake, huwezi kuidai mpaka maiti aishe. Ukimwazima mtu ardhi akapanda mazao ya msimu, unamngoja avune. Na ukimwazima mtu jahazi akapakia mali yake na kung'oa nanga, huwezi kusema "nirudishie" katikati ya bahari. Utangoja afike pwani. Hawakusema mali si yako. Walisema haki yako isitekelezwe kwa namna inayomzamisha mwenzako.

Nikamwambia mjomba: swali si kama mvua zimeisha. Swali ni kama mama huyu ameona pwani. Akaniuliza pwani ni nini. Nikasema, kwa rai yangu, chumba kimoja chenye kufuli na kodi ya miezi miwili ya kuanzia. Hapo sikuwa natoa fatwa, na mtu asije akaninukuu kwa mufti. Sioni pia kwamba ni haki kumbebesha mjomba peke yake bahari nzima. Haki ya kilichozidi haimlazimu mtu mmoja kwa sababu tu yeye ndiye aliyetoka na tochi. Msikiti wetu una kamati ya zaka, na mama yule anaingia katika aina zaidi ya moja ya wale wanane waliotajwa katika Suratut-Tawba, aya ya 60. Waliocheka kuhusu turubai nao wana vilivyozidi majumbani mwao, ingawa havina magurudumu ya kuonekana. Hili nililisema baada ya Ijumaa moja, na kuna waliokunja uso. Kamati imeanza kukusanya. Haijafika.

Kuhusu hasara, maana iko: zipu ya hema iliharibika na godoro lilipata unyevu. Kwa Shafii, kilichochakaa kwa matumizi ya kawaida yaliyoruhusiwa hakilipwi. Kwa Maliki, kitu kisichoweza kufichwa, kama mnyama au nyumba, aliyeazima hadhamini mpaka ithibitike amezembea, tofauti na nguo au vito. Tela huwezi kuificha, hata ukitaka. Mjomba alinunua zipu Konyo Konyo na fundi cherehani akaishona kwa mkono, kwa sababu turubai lile lilivunja sindano mbili za mashine.

Na safari? Mjomba alifanya jambo ambalo bado tunalijadili darasani. Alikwenda kwenye ngazi ya tela, akabisha, akamuuliza yule mama kama anaweza kumwazima tela kwa siku tatu. Mama alicheka mpaka akaketi. Akakubali kwa sharti kwamba irudishwe safi. Kwa siku tatu hizo yeye na watoto walilala sebuleni kwa mjomba, na mke wa mjomba, ambaye hapendi kulala nje hata kidogo, alibaki nao. Wanaume na watoto wakaenda mtoni.

Rafiki yangu mmoja wa kitengo cha sharia anasema mkataba ule ni batili tangu mwanzo, kwani mtu haazimi mali yake mwenyewe, na kilichotokea ni mjomba kurudi katika ariya kwa siku tatu na kuianzisha upya ya pili, bila muda safari hii. Akiwa sawa, basi kwa Maliki sasa tunaangalia desturi, na hapa Juba sijui desturi ya kumwazima mtu tela ya kambi ni ya muda gani, kwa kuwa nadhani ipo hii moja tu. Mwingine anasema lile lilikuwa adabu na halikuwa mkataba, na adabu haiulizwi nguzo zake. Sheikh tumemuuliza, amesema atatazama. Mwenye kauli na dalili yake amwandikie mhariri, Inshaallah itachapishwa toleo lijalo.